Plazma baridi na donda la kisukari: tuache kujidanganya

Haya jamani. Nimekuwa kimya hapa kwa wiki kadhaa, na wale walioniuliza kama nimeacha kuandika, jibu ni hapana. Nilikuwa natengeneza mashine. Leo nataka kueleza kwa nini nimeiacha, na kwa nini naona wewe pia, kama unatengeneza ya kwako au unapanga kuipeleka kwenye mashindano ya ubunifu, afadhali uiache. Nikiwa mkali mnisamehe. Ukali mwingi ni wangu juu yangu mwenyewe.

Mambo yalianza hivi. Mwenzetu mmoja katika kikundi chetu cha wanaprogramu hapa Kitale alituma video. Ndani yake kuna mkono wenye glavu umeshika kitu kama kalamu nene, na kwenye ncha yake kuna ulimi mdogo wa mwanga wa zambarau. Mkono unaupitisha ulimi huo juu ya donda la mguuni, polepole, kama mtu anayepaka rangi. Chini yake maneno: mwisho wa kukatwa miguu. Kufikia jioni tulikuwa na jina la mradi, nembo, na mtu wa kuandika programu ya simu ya kuendeshea mashine. Hatukuwa na nesi hata mmoja. Hilo halikumsumbua yeyote, mimi nikiwemo.

Kwa wasiojua, plazma ni nini? Barafu ukiipasha moto inakuwa maji, maji yanakuwa mvuke, na gesi ukiipa nguvu ya kutosha elektroni zinabanduka kutoka kwenye atomi zake. Hapo una plazma. Jina hilo lilitolewa na Mmarekani Irving Langmuir mwaka 1928. Umeiona mara nyingi bila kuijua. Radi ni plazma. Ule mwanga wa fundi wa kuchomelea vyuma, ambao mama alikukataza kuutazama, ni plazma. Hata ndani ya taa ya tyubu dukani kuna plazma, na taa hiyo unaweza kuishika kwa mkono.

Hapo ndipo neno "baridi" linapoingia. Umewahi kusimama karibu na fundi wa jua kali anayekata chuma kwa mashine ya kusagia? Cheche zinakurukia mkononi na huungui. Kila cheche ina joto la kutisha, lakini ni ndogo mno kiasi kwamba haina joto la kutosha kukupa. Plazma baridi iko karibu na hivyo: elektroni zake zina joto la maelfu ya digrii, lakini ni nyepesi na chache, na atomi za gesi zilizozizunguka zinabaki vuguvugu, chini ya nyuzi 40. Elektroni hizo zikigonga hewa hutengeneza ozoni, oksidi ya nitriki, haidrojeni peroksaidi na jamaa zao wengine wakali. Baadhi yake ni kemikali zile zile ambazo chembe nyeupe za damu hutumia kuua vijidudu. Kwa hiyo hapa hakuna uganga. Werner von Siemens alikuwa akitengeneza ozoni kwa umeme wa namna hii tangu 1857.

Na si kitu cha video tu. Kule Greifswald, Ujerumani, watafiti walitengeneza kalamu iitwayo kINPen MED inayotumia gesi ya agoni, ikaidhinishwa Ulaya kuwa kifaa cha tiba mwaka 2013. Ipo pia PlasmaDerm ya kampuni ya Cinogy, ambayo haihitaji mtungi wa gesi kwa sababu hutumia hewa iliyo kati ya mashine na ngozi. Anayekuambia yote haya ni uongo wa mtandaoni hajasoma. Ubishi wangu hauko hapo kabisa.

Basi nikaanza. Televisheni ya zamani, ile yenye mgongo, ndani yake ina transfoma inayotoa volti elfu nyingi. Nilipata moja sokoni Bungoma kwa bei ya chai na mandazi. Nikaunga saketi, nikaweka bomba la glasi, nikaomba agoni kidogo kwa fundi mmoja anayechomelea alumini. Usiku wa tatu ulimi wa zambarau ukatokea. Sikulala kwa furaha. Nikaujaribu kwenye kipande cha nyama ya ng'ombe: chumba kikanuka ozoni, ile harufu ya baada ya radi, na nyama ikabaki na kidoa cheusi. Nikajiambia nitarekebisha masafa ya umeme kwenye programu.

Kidoa kile cheusi kilipaswa kunizindua. Mtu ambaye kisukari kimemharibia neva za miguu hasikii moto. Ukimchoma hatasema "basi". Atakutazama tu na kukushukuru.

Nikiwa katikati ya furaha hiyo ndipo simu ikapigwa kutoka Bungoma. Senge yangu, yaani shangazi, dada ya baba, alikuwa amelazwa. Ni mgonjwa wa sukari wa miaka tisa hivi, wa kumeza metfomini mwezi huu na kuisahau mwezi ujao. Nikapanda matatu, Kiminini, Kamukuywa, Webuye, njia nzima nikifikiria jinsi nitakavyowaonyesha madaktari kalamu yangu. Nisiwafiche, nilikuwa nimeibeba kwenye mkoba.

Sikuitoa. Kidole gumba cha mguu wa kulia kilikuwa cheusi, na wekundu umepanda hadi katikati ya wayo. Harufu msiniulize. Nikamuuliza, "Senge, mbona hukusema mapema?" Akanijibu, "Niseme nini, mwanangu, na halikuniuma?"

Siku ya tatu baada ya kulazwa walikikata kidole.

Sasa, mimi kazi yangu ni kuandika programu, na programu ikiwa nzito kuna jambo moja tulilofundishwa chuoni ambalo kila mtu hulisahau akiona kitu kipya: usiguse msimbo kabla ya kupima muda unapotelea wapi. Nikiwa pale kwenye benchi la wodi nikachukua kalamu ya kawaida nikaanza kupima, nikimuuliza senge na binamu zangu siku baada ya siku.

Siku ya kwanza alikuwa akipukuchua mahindi akiwa amevaa gambuti. Punje moja kavu ikaingia ndani, akaikanyaga kutwa nzima bila kujua. Siku ya nne binamu akaona soksi imelowa, wakadhani ni jasho. Siku ya sita wakapita duka moja la dawa, wakauziwa vidonge kumi vya antibiotiki na unga wa kunyunyizia. Hakuna aliyeomba kuuona mguu. Siku ya kumi na mbili mhudumu wa afya ya jamii akafika nyumbani, mtu mwema kwelikweli, akampima sukari kwa mashine, akaandika kwenye simu, akamwambia apunguze ugali na soda. Senge alikuwa amekaa pale na viatu vyake miguuni. Siku ya kumi na tisa, zahanati moja, bandeji juu ya usaha. Siku ya ishirini na sita, hospitali, sukari 24.

Siku ya ishirini na tisa, kisu.

Hesabu yenyewe ni rahisi. Siku 26 kati ya 29 zilipita kabla mtu yeyote hajalisafisha donda lile, akaondoa nyama iliyokufa na kuchunguza kama limefika mfupani. Ni karibu asilimia 90 ya muda wote. Mwaka 1967 Gene Amdahl alitoa hoja ambayo leo tunaiita sheria ya Amdahl: ukiharakisha sehemu inayochukua asilimia 10 ya kazi, hata ukiifanya iwe ya papo hapo, kazi nzima haiwezi kuzidi kasi yake ya mwanzo kwa zaidi ya mara 1.11. Mashine yangu, hata ingekuwa nzuri kuliko ya Wajerumani, ilikuwa ya kuharakisha zile siku tatu.

Mtasema: lakini mashine ingekuwa kule zahanati siku ya kumi na tisa, au hata mkononi mwa yule mhudumu siku ya kumi na mbili. Hoja hiyo naijua, ndiyo niliyoishika mwenyewe. Ndipo nikarudi Kitale nikasoma majaribio yenyewe badala ya kutazama video.

Mnamo 2010 madaktari wa Ujerumani walichapisha jaribio la wagonjwa 36 wenye madonda sugu yenye vijidudu. Kila siku walipigwa plazma ya agoni kwa dakika tano juu ya matibabu ya kawaida. Bakteria walipungua kwa asilimia 34 zaidi katika sehemu zilizopata plazma. Kitakwimu ni matokeo thabiti. Lakini tumieni akili ya hesabu. Ukiua 34 katika kila 100, wanabaki 66, na 66 hawahitaji hata kuongezeka maradufu mara moja ili warudi walipokuwa. Maabara, bakteria kama E. coli hugawanyika kila dakika 20 hivi. Kwenye donda huenda polepole zaidi, lakini hawaendi likizo. Dawa ya kuua vijidudu ikiuzwa hospitalini tunatarajia iue 999 katika 1000.

Jaribio lililonikata maini ni la 2020, lililochapishwa katika JAMA Network Open. Hili lilikuwa hasa la madonda ya miguu ya kisukari, kwa ile ile kINPen, katika kliniki mbili za Ujerumani. Wagonjwa hawakujua nani anapata plazma na nani anaigiziwa. Mwishoni yalihesabiwa madonda 62 ya wagonjwa 43. Donda lililopata plazma lilipungua ukubwa kwa kasi zaidi. Hongera, na nasema kwa moyo mweupe. Ila katika maambukizi na wingi wa bakteria, vikundi viwili havikutofautiana kwa maana yoyote! Kitu kile kile tulichokuwa tumekiandika kwa herufi kubwa kwenye nembo yetu, kwamba kinaua vijidudu vya donda la kisukari, hakikuonekana.

Kwa nini? Kwa sababu vikundi vyote viwili vilikuwa vinapata matibabu kamili. Donda lilisafishwa, likafungwa vizuri, antibiotiki ikatolewa palipohitajika. Bakteria walikuwa wanashuka pande zote mbili. Plazma ilikuwa kiongezo kilichowekwa juu ya mfumo ambao tayari unafanya kazi. Sisi tulitaka kukisakinisha kiongezo kwenye tarakilishi isiyo na mfumo wa uendeshaji.

Tena angalieni ni madonda gani yaliyoruhusiwa kuingia jaribioni: yenye maambukizi lakini yasiyofika mfupani, kwenye miguu ambayo damu bado inafika. Mguu wa senge siku ile ya ishirini na sita usingepita hata mlangoni.

Kuwa mkweli kwa upande wa pili, kuna jaribio la Irani, nalo la 2020, katika Scientific Reports, wagonjwa 44, plazma ya gesi ya heliamu mara tatu kwa wiki kwa wiki tatu. Wao waliona madonda yakipungua na bakteria wakishuka mara baada ya kila kipindi. Sawa. Nao pia walikuwa wakitoa matibabu ya kawaida kwa kila mtu. Majaribio madogo, ya wiki mbili au tatu, hayakuhesabu miguu iliyookolewa. Ndiyo maana lile jopo la kimataifa la mguu wa kisukari, IWGDF, katika mwongozo wake wa 2023 wa kuponya madonda, liliweka plazma baridi kwenye orodha ya gesi ambazo linasema zisitumike badala ya au juu ya matibabu ya kawaida. Asali nayo imo katika orodha ya visivyopendekezwa, poleni watu wa Mlima Elgon. Kinga ya wanasayansi hao haitokani na chuki. Wanasema tu ushahidi bado ni mwembamba.

Sasa turudi kwa ile zahanati ya siku ya kumi na tisa. Tuseme kalamu ingekuwepo. Plazma hufanya kazi juu juu, kina chake ni kidogo sana. Haipiti usaha, haipiti nyama iliyokufa, haifiki mfupani. Lazima mtu alikate na kulisafisha donda kwanza. Kama yupo mtu wa kulisafisha, tayari una sehemu kubwa ya tiba mkononi. Kama hayupo, unapuliza mwanga wa zambarau juu ya uchafu. Na gesi? kINPen hutumia karibu lita 5 za agoni kwa dakika, na kipimo chake ni hadi dakika moja kwa kila sentimita ya mraba. Donda la sentimita 5 kwa 4 ni dakika 20, lita 100, kila kipindi. Vipindi vinane kama vya Wajerumani, lita 800. Mtungi wa lita 10 uliojazwa kwa shinikizo la bar 200 una lita 2000 hivi za gesi. Hiyo ni wagonjwa wawili na nusu, halafu unapeleka mtungi mjini kujazwa. Hapo sijataja stima inayopotea kila mvua ikinyesha. Mashine ya kutumia hewa inaliondoa tatizo la mtungi. La kusafisha halikuondoka.

Kisha mgonjwa anasimama, anavaa gambuti, anarudi shambani. Donda la chini ya wayo halifi kwa kukosa dawa peke yake. Linachimbwa upya kwa kila hatua. Hili ndilo jambo ambalo hakuna video inayolionyesha kwa sababu halina mwanga. Tiba yake ya kwanza kwa donda la chini ya wayo ni kuuondolea mguu uzito: plasta ngumu au kiatu kirefu kinachofika karibu na goti, kisichovuliwa, ili uzito usambae. Ujuzi huu haukutoka katika maabara ya anga za juu. Ulikomaa kwa madaktari wa ukoma, watu kama Paul Brand huko India na baadaye Carville, Marekani, walipoona kwamba miguu ya wagonjwa wao haikuwa ikioza yenyewe. Ilikuwa inakanyagiwa mpaka inaisha, kwa sababu haisikii maumivu. Na sisi tuna Alupe, pale Busia, jirani kabisa na Bungoma, palipokuwa kituo cha utafiti wa ukoma cha Afrika Mashariki nzima tangu enzi za ukoloni. Mguu uliokufa ganzi si mgeni katika magharibi ya Kenya. Tumewahi kuishi nao.

Wenzangu kwenye kikundi walipoona nimegeuka walinijia juu. Mmoja akaniambia nina fikra za kitumwa, kwamba nataka Mwafrika abaki na bandeji wakati wengine wanatumia plazma. Akanitolea mfano tunaoutoa sote: hatukungoja nyaya za simu, tuliruka moja kwa moja kwenye rununu, na Machi 2007 tukawa na M-Pesa kabla ya wazungu.

Ndugu yangu, M-Pesa haikuruka watu. Iliwahitaji mno. Ujumbe mfupi wa simu ulikuwepo kote duniani. Kilichofanya ifike Kamukuywa ni wakala aliyekaa kwenye kibanda chake tangu asubuhi, mwenye pesa taslimu mtotoni, daftari, na kitambulisho chako mkononi mwake. Ondoa wakala, ubaki na menyu nzuri kwenye simu. Katika habari ya donda, wakala ni yule anayesema vua viatu nione. Sisi tulikuwa tunatengeneza menyu.

Mwingine alileta hoja nzito zaidi, na sitaidharau: antibiotiki zinazidi kushindwa, plazma haijali kama bakteria ni sugu au la. Ni kweli, na kama nitaipigia debe plazma siku moja itakuwa kwa sababu hiyo. Lakini usugu hapa kwetu haukuletwa na uhaba wa kalamu za zambarau. Vile vidonge kumi alivyouziwa senge bila mguu kutazamwa ni kiwanda cha usugu. Miongozo ya jopo lile lile inasema donda lisilo na dalili za maambukizi halihitaji antibiotiki kabisa. Anayejali usugu aanze na kaunta ya duka la dawa.

Na kabla sijasahau, kuna kitu kinaniudhi zaidi ya yote. Mtandaoni zinauzwa "kalamu za plazma" za urembo, za kuondoa mikunjo na alama usoni. Hizo si baridi. Kazi yake ni kuchoma ngozi kwa cheche, makusudi, kidoa kwa kidoa. Mmoja wetu alipendekeza tuagize kumi kama hatua ya kwanza. Kumi! Kwa miguu isiyosikia moto! Kifaa cha tiba nchini hupita kwa Bodi ya Famasia na Sumu, na utafiti juu ya binadamu hauanzi bila kamati ya maadili na kibali cha NACOSTI. Kuna wabunifu wanaoona hayo ni vikwazo vya wazee. Mimi nilikuwa mmoja wao mpaka nikaona kile kidoa kwenye nyama, halafu nikaona wayo wa senge.

Je, nasema plazma isije? Ije. Ije Eldoret, ambako AMPATH imekuwa ikifanya kazi na hospitali ya rufaa ya Moi tangu 2001 na ambako watu wanajua kuendesha jaribio. Wagonjwa wote wasafishwe donda na waondolewe uzito, nusu wapate plazma na nusu waigiziwe, na mwisho wa mwaka wahesabiwe miguu, si sentimita. Nitakuwa wa kwanza kuandika hapa matokeo, hata yakinifanya nionekane mjinga.

Kwa sisi wa kuandika programu, kazi ipo, ila haina mwanga. Utafiti wa kitaifa wa 2015 ulikuta kwamba karibu watu wazima 88 kati ya 100 nchini Kenya hawakuwa wamewahi kupimwa sukari. Septemba 2023 serikali iliwapa wahudumu wa afya ya jamii 100,000 mikoba yenye mashine za kupima sukari na shinikizo la damu, pamoja na simu. Mfumo ulio ndani ya simu hizo, eCHIS, umejengwa juu ya Community Health Toolkit, ambayo ni programu huria. Msimbo wake uko wazi, mtu yeyote anaweza kuusoma leo usiku. Mtu mwenye sukari ya juu akiandikwa, simu imwambie mhudumu: avue viatu na soksi, tazama chini ya wayo na katikati ya vidole, kisha mgonjwa afumbe macho, umguse kidogo kwa ncha ya kidole chako kwenye vidole vya miguu, aseme unapogusa. Asiposikia viwili au zaidi, mguu huo una hatari. Kuna donda? Rufaa siku hiyo hiyo, na siku ya pili simu iulize kama amefika. Haihitaji volti elfu. Inahitaji mtu wa kukaa na manesi wa Trans Nzoia na Bungoma akasikiliza kwa nini rufaa hupotea njiani, jambo ambalo ni la kuchosha na halina zawadi ya mashindano.

Kikundi kimegawanyika. Wawili wanaendelea na mashine, na wameniondoa kwenye orodha ya waanzilishi. Nawatakia heri, ila nimewaambia wakiweka ncha ile kwenye mguu wa mtu nitawaripoti.

Senge amerudi nyumbani. Gambuti amempa jirani, sasa anavaa viatu vilivyofungwa, na kila asubuhi anavikung'uta kabla ya kuvitia mguuni. Mjukuu wake wa gredi ya sita ndiye anayemkagua miguu kila jioni baada ya chai, akiwa na tochi ya simu, na anaandika kwenye daftari la hesabu lenye kurasa zilizobaki. Nililiona wiki iliyopita. Kurasa mbili nzima zimeandikwa "sawa, sawa, sawa." Kisha tarehe moja: "kidole cha pili chekundu, nyanya anasema hakuna kitu." Kesho yake saa mbili asubuhi walikuwa kliniki.